Aliyekuwa Akisikiliza Pamoja Nami

Bando za intaneti zilianza kuniishia mapema mwaka ule, na mimi nikadhani ni mtandao wa mpakani. Hapa Busia simu yako inaweza kuvuka kwenda Uganda wakati wewe mwenyewe umekaa jikoni, ikala pesa yote kwa bei ya kigeni, halafu ikarudi kama haijafanya kitu. Kwa hivyo sikushtuka. Niliisogeza modemu mbali na dirisha la upande wa mto, nikanunua bando nyingine, nikaendelea na kazi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine. Watafiti walikuwa wakikaa na wanawake wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka, wanawarekodi wakieleza maisha yao, kisha wananitumia zile sauti. Mimi naweka hedifoni, nasikiliza sentensi, nasimamisha, naandika, narudi nyuma, nasikiliza tena. Mama akiongea Kiteso, ambacho ndicho kikwetu, naandika na kutafsiri. Akiongea Kiswahili chetu cha huku naandika vile vile kilivyo, na makosa yake na utamu wake. Sauti hazikuwa na majina. Kila mama alikuwa namba tu, na mimi nilikuwa nimeweka sahihi yangu kwamba kitakachoingia masikioni mwangu hakitatoka mdomoni.

Kompyuta ilikuwa ya mezani, kuukuu, ambayo mume wangu aliipata kutoka ofisi iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Yeye hufanya kazi Malaba, kwa mawakala wanaoshughulikia karatasi za mizigo ya malori, na ndiye anayezitunza kompyuta zao. Amepanga chumba huko, nyumbani huja Jumamosi. Mashine ile ilipokataa kubeba mfumo wake wa zamani, aliufuta wote akaniwekea Linux.

"Hii ni ya bure," aliniambia, "na haisumbuliwi na virusi. Wewe fanya kazi yako tu. Mambo ya ndani niachie."

Nikamwachia. Siku moja printa ilikataa kabisa kuchapisha, nikampigia simu Malaba. Akasema, "Toa mkono kwenye mausi. Naingia." Nikaona mshale unatembea wenyewe kwenye kioo, unafungua hiki, unafunga kile, mpaka printa ikaguna na kutoa karatasi. Nilicheka peke yangu nyumbani kama mtoto aliyeona mazingaombwe. Nilijivunia mume wangu. Haikunijia hata kidogo kuuliza kama akimaliza huwa anatoka.

Baada ya bando kulikuja feni. Kompyuta ilikuwa ikivuma hata nikiwa nimeiacha bila kufungua chochote, kama mtu anayekimbia akiwa amesimama. Nilimweleza mume wangu, akasema ni faili za sauti, ni nzito, na mashine imezeeka. Nikakubali. Mtu akishakuwa fundi wako, unakubali.

Halafu Jumamosi moja tulikuwa mezani, tunakula ugali na omena. Nilikuwa nikimweleza habari za sokoni, kwamba wauza samaki wanalalamika kuhusu njia za panya, kule wanakovuka bila kupitia kwa maofisa. Akacheka, akamega tonge, akasema:

"Hao wa siku hizi hawataki soda. Wanataka mwenye chupa."

Mkono wangu ulibaki kwenye sahani. Soda, kila mtu wa mpakani anajua, ni ile hongo ndogo unayomwachia mtu ili akupishe. Lakini hiyo nyingine, ya mwenye chupa, niliisikia mara moja tu maishani, na niliisikia wiki ileile, kwenye hedifoni. Ilikuwa sauti ya mama mmoja muuza samaki. Alikuwa akieleza kuhusu mwanamume anayekaa kwenye njia fulani ya kuvukia: "Huyo hataki soda, dada. Huyo anataka mwenye chupa." Kisha alinyamaza kwa muda, na mimi nikaandika katika mabano kwamba amenyamaza. Kisha akaeleza ni mara ngapi alimkubalia ili mzigo wake usioze, na kwamba mume wake hajui.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?" nilimuuliza mume wangu.

"Maneno gani? Si ni ya Malaba. Madereva wanasema hivyo."

Inawezekana, nilijiambia. Maneno hutembea. Labda yule mama naye aliyaokota kwa madereva. Nilijaribu kuiamini hiyo siku mbili, ikakataa.

Jumatatu, baada ya yeye kurudi Malaba na watoto kwenda shule, nilikaa mbele ya kompyuta bila kufungua kazi. Kuna programu inayoonyesha mashine inafanya nini, alinionyesha mwenyewe zamani, kama mistari ya kupanda na kushuka. Mstari wa intaneti ulikuwa juu. Nilikuwa sijafungua hata barua pepe, lakini kuna kitu kilikuwa kinatoka ndani ya nyumba yangu kwenda nje, kwa wingi, bila kupumzika.

Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Fundi wangu ndiye niliyekuwa namshuku, na mafundi wengine wa mjini wanamjua yeye, wanamwita boss. Nikatafuta kwa simu mpaka nikapata baraza moja la mtandaoni ambapo watumiaji wa Linux wanasaidiana kwa Kiswahili. Nikaandika shida yangu kwa ufupi: feni, bando, kitu kinachotoka. Aliyenijibu alisema yuko Mbeya. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, si kama hiki chetu cha kuokoteza.

"Dada, kwanza usizime wala usifute chochote," aliandika. "Ukifuta sasa hutajua kilichokuwepo. Fungua lile dirisha la kuandikia amri, tuone ni nani wameingia."

Akanipa amri fupi sana. Niliiandika kwa kidole kimoja, nikabonyeza. Ikatokea mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa jina langu, ninalotumia kuingia. Wa pili ulikuwa herufi za kwanza za majina ya mume wangu.

Nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa peke yangu na kuku walioko nje, na kompyuta ilikuwa inaniambia tuko wawili.

Yule wa Mbeya aliniongoza polepole. Tuliangalia programu zinazoanza zenyewe kompyuta inapowashwa. Moja ilikuwa na jina la kawaida, kama kitu cha kusasisha mfumo, lakini tulipoifungua ndani ilikuwa mistari michache tu. Kazi yake ilikuwa kuipigia kompyuta ya Malaba kila ninapowasha yangu, kisha kuuacha mlango wazi ili mtu aliye kule aweze kuingia kupitia humo wakati wowote. Yaani kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa inamtafuta. Chini yake kulikuwa na nyingine iliyonakili folda yangu ya kazi, ile ya sauti, na kuipeleka kule. Akaunti yake ilikuwa na uwezo wote. Yangu ilikuwa ya mgeni.

"Huyo mtu unamfahamu?" aliandika wa Mbeya.

"Namfahamu."

Akaandika: "Pole sana. Hapo shida si ya kompyuta tena. Lakini mlango tunaweza kuufunga, ukiwa tayari niambie."

Sikuwa tayari. Nilichomoa modemu tu, nikaiweka mfukoni mwa aproni yangu, na wiki hiyo yote nilipika nayo na kufagia nayo. Mume wangu alipiga simu mara moja, akauliza kama stima ipo. Nikasema ipo. Akauliza kama intaneti inafanya vizuri. Nikasema sijui, sijaitumia.

Alikuja Jumamosi kama kawaida, na mkate na sukari. Watoto niliwatuma kwa shangazi yao mapema. Nilimngoja akae, anywe chai, kisha nikaweka modemu mezani mbele ya kikombe chake.

"Nimeona mlango," nilisema.

Hakujifanya hajui. Kwa hilo nampa haki yake. Alitazama modemu, akasema, "Mimi ndiye fundi wako. Lazima niwe na njia ya kuingia."

"Fundi akijenga nyumba ya mtu, anabaki na ufunguo?"

"Nyumba ni yangu pia."

"Zile sauti si zako. Hata mimi si zangu."

Akazungusha kikombe. Akasema ilianza kwa kuhakikisha tu. Wakati ule mtafiti mmoja wa kiume alikuwa akija nyumbani kuniletea vifaa, na mtu mmoja alimwambia kuna gari linaegeshwa kwake siku ambazo hayuko. Basi akafungua njia aone ninaandikiana nini na nani. Hakuona kitu. Lakini zile faili zilikuwa pale, akafungua moja, akasikia mama anaeleza maisha yake, akafungua nyingine.

"Huko Malaba jioni ni ndefu, mama watoto. Malori yanasimama, hakuna wa kuongea naye. Nilikuwa nasikiliza kama redio."

Nilimwangalia mtu niliyezaa naye akisema hivyo, na kitu kilichoniumiza kuliko hasira ni kwamba nilimwelewa. Mimi pia nilikuwa nikizisikiliza sauti zile hata saa ambazo silipwi, kwa sababu zilikuwa tamu na za kweli. Lakini mimi niliruhusiwa.

"Na yule wa chupa?"

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. "Huyo namjua," alisema. "Nilimjua kwa sauti tu, kabla hajamaliza hata sentensi ya kwanza. Ni mke wa rafiki yangu kule Funyula. Tumesoma na huyo bwana tangu tukiwa watoto."

"Ulimwambia?"

Akaigeuza modemu upande wa pili.

"Baba, nakuuliza. Ulimwambia rafiki yako?"

"Ungekuwa wewe mwanaume ungefanya nini? Nikae naye, tunywe chai, nijue kitu kama hicho juu ya nyumba yake na ninyamaze?"

Nilisimama nikaenda nje. Nilikumbuka yule mwanamke. Nilishawahi kumwona, mara moja, kwenye matanga huko kwao mume wangu, mwanamke mrefu aliyekuwa akigawa chai kwa birika kubwa bila kumwagia mtu. Tulisalimiana kwa Kiteso, tukafurahi kwamba tuko wawili katikati ya Wasamia, watu wa waume zetu. Nami sikumtambua kwenye hedifoni. Niliandika maneno yake yote, hata kimya chake, nisijue ni nani.

Niliporudi ndani nilimwambia mume wangu arudi Malaba. Hakubisha. Mkate aliuacha mezani.

Siku hiyohiyo nilimpigia yule mama mtafiti aliyekuwa akisimamia kazi, mwanamke wa chuo kikuu, mpole na mkali kwa pamoja. Nilimweleza kila kitu. Upande wa pili kulikuwa kimya hata nikadhani simu imevuka mpaka. Kisha akasema, "Usifanye kazi nyingine yoyote ya kwetu." Nikasema sawa. "Itabidi wote waambiwe," akasema. "Wanawake wote." Nikasema najua. Nilipomweleza habari za huyu mmoja, na kwamba ni wa kwetu, alisema, "Basi nenda wewe kwanza. Mwambie ukweli wote, usipunguze. Mimi nitakuja nyuma yako."

Sokoni waliniambia huyo mama haji tena na samaki. Mmoja aliyekuwa akiuza karibu naye, akipanga samaki wa fulu kwenye gunia bila kuniangalia, alisema, "Alirudi kwao Angurai. Kwani wewe ni nani wake?" Nikasema ni dada.

Nilimkuta uani kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Alikuwa amepungua lakini mikono ilikuwa ileile, ya haraka, isiyomwaga kitu.

"Yoga," nilimsalimu.

"Yoga noi," akajibu, akanisogezea kigoda kingine kwa mguu.

Nilianza kwa Kiteso, na nilipofika mahali pagumu nilijikuta nimehamia Kiswahili, kama vile lugha ya nyumbani ilikuwa inakataa kubeba. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Nilimwambia kuhusu kompyuta, mlango, mume wangu, na aliyeambiwa. Yeye aliendelea kumenya. Muhogo mmoja ukaisha akachukua mwingine.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema mwishoni.

"Ni kwangu ilikotokea."

"Mimi nilidhani ni yule msichana wa kurekodi. Nilimtukana sana moyoni." Akakata muhogo vipande viwili. "Aliniambia hakutakuwa na jina. Nikamuuliza, na sauti? Sauti si ni jina pia? Akasema sauti itafutwa. Nikaona ana macho mazuri, nikasema."

"Pole, dada."

"Mimi sikukuambia wewe. Niliambia mashine, kwa sababu mashine haina bwana." Hapo ndipo aliponitazama. "Kumbe ina bwana."

Nikamuuliza kama alipigwa. Akatikisa kichwa. "Angenipiga ningejua kuna siku atachoka. Hakunigusa. Aliita pikipiki, akafunga nguo zangu kwenye leso, akamlipa kijana wa watu anifikishe mpaka hapa. Watoto wamebaki kwake. Yule mdogo ananipigia kwa simu ya jirani, anauliza nitarudi lini, ananiambia amefunga goli."

Mama yake alitoka nyumbani, akatutazama, akarudi ndani. Nadhani alijua.

"Nataka ifutwe nikiona," mwanamke alisema. "Kwa macho yangu. Si kuambiwa imefutwa."

"Nitakuita."

"Na ile ya bwana yako?"

"Nitaifuata," nilisema.

Nilikwenda Malaba siku ya kazi, mchana. Foleni ya malori ilianza mbali, madereva wamelala kwenye machela chini ya matrela, wanawake wanauza mayai ya kuchemsha na kachumbari kati ya magurudumu. Nilimkuta mume wangu chumbani kwake, amekuja kula. Hakushangaa. Alisogeza sufuria, akanipa kiti pekee kilichokuwepo, yeye akakaa kitandani.

"Fungua," nilisema.

Akafungua kompyuta yake. Folda ilikuwa pale, amezipanga sauti kwa utaratibu kuliko nilivyozipanga mimi. Wa Mbeya alikuwa amenieleza kwamba kufuta kwa kawaida hakuondoi kitu, kunaondoa tu alama ya mahali kilipo, na kwamba kuna amri ya kuandika takataka juu ya faili mara kadhaa mpaka isiweze kufufuliwa. Hata hivyo, akaongeza, kwa diski za aina mpya hiyo nayo si hakika. Niliitaja ile amri. Mume wangu aligeuka akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto wake akiongea Kifaransa.

"Nani amekufundisha?"

"Andika."

Akaandika. Tulikaa tukitazama majina ya faili yakipita moja moja. Nje kulikuwa na lori likijaribu kurudi nyuma na watu wanampigia dereva kelele.

"Kuna nyingine?"

"Hakuna."

"Kwenye simu?"

Akanipa simu. Nikaikagua. Hakukuwa na kitu.

"Kwenye flashi? Kazini?"

"Nimekuambia hakuna."

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Huyu ni mtu ambaye najua akikohoa ni vumbi au ni homa. Sikuweza kujua kama anasema kweli. Alisema, "Nimekosa. Nilidhani namsaidia rafiki." Nikamuuliza huyo rafiki yuko vipi. Akasema, "Hashiki tena simu zangu." Kumbe mume wangu naye alikuwa amepoteza mtu, na ilikuwa juu yake kulibeba hilo. Sikumsaidia.

Zilibaki kazi za mashine. Wa Mbeya aliniambia wazi kwamba mtu akishakuwa na uwezo wote ndani ya kompyuta yako, usihangaike kuziba tundu moja moja. Huwezi kujua ameacha mangapi. Futa yote, anza upya, na safari hii anza wewe mwenyewe. Nilihamisha faili za wale wanawake kwenye flashi moja, nikaifungia kabatini kumsubiri mwenye kazi na mwenye sauti. Nikashusha mfumo mpya kutoka tovuti yao, nikalinganisha ile alama ndefu ya tarakimu na herufi na iliyoandikwa pale, kuhakikisha kwamba nilichopata ndicho walichotoa. Nikauweka kwenye flashi nyingine. Nikawasha.

Kioo kikawa cheusi. Nikawasha tena, cheusi. Nililia hapo, si kwa sababu ya kioo. Wa Mbeya aliuliza kadi ya picha ni ya aina gani, nikafungua kifuniko kwa bisibisi ya cherehani, nikapuliza vumbi, nikasoma maandishi madogo kwa tochi ya simu. Akanipa neno la kuongeza kwenye mstari wa kuwashia ili mfumo usijaribu kutumia ile kadi kwa nguvu zote. Picha ikaja, kubwa na yenye mikwaruzo, lakini ikaja.

Mfumo ukauliza kama nataka diski yote ifungwe kwa nenosiri. Nikasema ndiyo. Nilichagua maneno ya Kiteso ambayo bibi yangu alikuwa akiyasema akifukuza kuku kwenye wimbi iliyoanikwa, sentensi nzima ndefu, na matusi yake. Mume wangu miaka yote hii hajajifunza Kiteso zaidi ya salamu. Sikufungua huduma yoyote ya kuingia kutoka mbali. Nikawasha ukuta wa kuzuia wanaobisha kutoka nje. Akaunti ikawa moja, yangu. Kisha nikaandika ile amri fupi ya kwanza. Mstari mmoja.

Nilidhani nitafurahi. Niliona tu kwamba nyumba ni kubwa.

Mwanamke wa Angurai alikuja siku ya soko, amevaa viatu vya kanisani. Mama mtafiti alikuwa ameshamtembelea na kumwomba radhi, na alikuwa amekubali rekodi yake iondolewe kabisa kwenye utafiti. Nilichukua flashi kabatini, nikaiingiza. Kabla sijafanya chochote akasema, "Ngoja. Nataka kujisikia."

Nikamvalisha hedifoni. Alikaa wima, mikono magotini. Mimi sikusikia kitu, nilimwona tu usoni. Mara akatabasamu, akasema kwa sauti kubwa kama watu wenye hedifoni wanavyosema, "Naongea haraka hivi?" Baadaye uso ukajikunja. Nikajua amefika kwenye kile kimya. Alivua hedifoni kabla maneno hayajaendelea, akaziweka mezani taratibu.

"Futa."

Nilimwonyesha jina la faili, namba yake. Nikaandika amri, nikamwambia abonyeze mwenyewe. Alibonyeza kwa nguvu, kama mtu anayegonga mhuri. Tulisubiri. Nikafungua folda akaona haipo.

"Na ile ya Malaba?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema imeisha. Maneno yalikuwa mdomoni. "Alifuta mbele yangu," nilisema. "Kama kuna nyingine mahali, dada, mimi siwezi kujua."

Alifikiri. "Hata kama ipo," alisema, "wa kuisikia alishasikia." Akaomba maji, akanywa akiwa amesimama, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Sasa anauza dagaa na mboga Angurai kwenyewe, hapiti tena mpakani. Watoto huja kwake shule zikifungwa. Mume wake huwaleta mpaka barabarani, hashuki. Nilimpelekea salamu mara mbili, zikarudi salamu, basi. Sidhani kama sisi ni marafiki. Mama mtafiti hakuniita tena kazini, na simlaumu. Siku hizi naandika mahubiri ya kanisa na matangazo ya vifo kwa redio, vitu ambavyo vimekusudiwa kusikiwa na kila mtu.

Mume wangu bado huja Jumamosi. Tunazungumza juu ya karo na paa linalovuja. Tumekaa na mchungaji mara kadhaa, na kuna siku tunacheka kitu cha watoto na kusahau, kisha tunakumbuka. Mwezi uliopita nilisasisha mfumo, na sauti ikakatika kabisa, spika hazitoi hata mkwaruzo. Alikuwa sebuleni, akanisikia nikihangaika.

"Nikuangalizie?" alisema kutoka mlangoni. Hakuingia.

"Nitaangalia mwenyewe."

"Mara nyingi ni kwamba imechagua kifaa sicho."

"Asante," nilisema, na ndivyo ilivyokuwa, ilikuwa imechagua kifaa sicho. Sikumwambia. Niliirekebisha, nikavaa hedifoni, naye akakaa kidogo pale mlangoni kisha akarudi sebuleni kwa watoto.